Ngao Isiyorudi Ghalani

Mkebe wa maziwa ya unga ulipomfikia Juvénal, aliomba kimoyomoyo, akaingiza mkono, akaokota kikaratasi, akakisoma kwa sauti, na kanisa zima likaangua kicheko. Alikuwa ameokota sura ya majina.

Katika kanisa hilo, linalosali kwa Kiswahili kwenye ukumbi wa kukodi huko Smithfield, Australia, somo la watu wazima halipewi anayelitaka. Zamani Wakenya na Warundi waligombana sana juu ya nani afundishe, mpaka wakakubaliana waiachie kura. Kila Januari huchaguliwa watu kumi na wawili, mmoja kwa kila mwezi, na kila mmoja hufundisha sura ya Maandiko aliyoiokota kwa mkono wake. Kubadilishana ni marufuku. Mwaka huo wenzake walikuwa wameokota Goliathi, mwana mpotevu na arusi ya Kana. Yeye akaangukiwa na sura ile ambamo watu wa Nehemia wanajenga upya ukuta wa Yerusalemu: fulani mwana wa fulani akajenga kipande chake, na baada yake fulani mwana wa fulani, mpaka msomaji anasinzia.

"Pole sana, Mzee Juvénal," alisema Clifford, mwenyekiti wa darasa, Mkenya mpole anayefanya kazi ofisini, huku akijikaza asicheke. "Vumilia hiyo moja tu, mwaka ujao utapata nzuri."

Juvénal hakuwa na habari ya mwaka ujao. Alikuwa na furaha mpaka masikio yakawa moto. Tangu yuko kambini Kigoma, mkimbizi kutoka Burundi, alitamani kufundisha Neno, na kambini aliambiwa kwamba asiye na cheti cha sekondari apange mabenchi. Akapanga mabenchi miaka kumi na miwili. Alipofika Australia akapandishwa cheo, akapanga viti vya plastiki. Sasa kura ilikuwa imemtaja. Akifundisha vizuri, darasa lingeinua mikono na jina lake lingeingia kwenye orodha ya walimu wa kudumu. Akiboronga, ni viti mpaka siku ya kuzikwa, na siku hiyo mtu mwingine atavipanga.

Sasa, huyu Juvénal ni mtu wa stoo. Wengine ni watu wa muziki, wengine watu wa siasa, yeye damu yake ni stoo. Kambini ndiye aliyetunza majembe na mapanga ya kazi ya pamoja, aliyatoa asubuhi na kuyapokea jioni, na katika miaka yote hiyo lilipotea jembe moja tu, ambalo bado linamuuma. Siku hizi yuko kwenye kiwanda kimoja cha Wetherill Park, ndani ya chumba chenye dirisha la nondo, na nyuma yake kuna ubao mkubwa uliochorwa kivuli cha kila kifaa kwa rangi ya buluu. Kila mfanyakazi ana kibati chenye jina lake. Ukichukua spana, unatundika kibati chako kwenye kivuli cha spana. Ukiirudisha, unachukua kibati chako. Bosi wa kiwanda mwenyewe aliwahi kunyimwa bisibisi kwa sababu alisahau kibati ndani ya gari, na alitembea kwenda kukileta bila kunung'unika.

Ndiyo maana alipoisoma ile sura ya majina mara ya tatu, akiwa mezani kwake Campbelltown na miwani puani, aliruka kitini kama aliyeumwa na siafu.

"Mama Arakaza! Njoo uone! Huku ndani kuna stoo!"

Mkewe Ninahazwe alikuja na mwiko mkononi. Kweli, katikati ya orodha, mtu mmoja anayeitwa Ezeri anatengeneza kipande cha ukuta mkabala na ghala la silaha, pale ukuta unapopinda. Neno lenyewe limepita hapo mara moja tu, na wahubiri wote hulipita wakikimbilia mbele. Juvénal hakulipita. Kwa wiki sita alitafuta kila mahali ambapo Waebrania wa kale waliweka silaha zao, na kila alipopata ghala alilikagua kama mtu aliyetumwa na kampuni.

Alikuta mnara wa Daudi uliotundikwa ngao elfu, akaridhika sana, maana kutundika ni bora kuliko kurundika. Alimkuta Sulemani na ngao zake za dhahabu, kubwa mia mbili na ndogo mia tatu, ndani ya nyumba iitwayo Msitu wa Lebanoni. Akamkuta mfalme Uzia, aliyeliwekea jeshi zima ngao, mikuki, chapeo, deraya, pinde, mpaka mawe ya kombeo. "Huyu angefaa kiwandani," alimwambia mkewe. Hezekia alimkasirisha: mtu gani anawafungulia wageni wa Babeli nyumba ya silaha na kuwaonyesha kila kitu? Hata Daudi hakupona. Daudi alikwenda kwa kuhani Ahimeleki, akapewa upanga wa Goliathi uliokuwa umefungwa ndani ya nguo, akaondoka nao, na hakuna panaposemwa kwamba aliurudisha.

Kazini alimpasha habari Sargon, fundi wa mashine, Mwashuri wa Fairfield mwenye masharubu mazito. Juvénal alimweleza kwa Kiingereza chake kwamba Hezekia alitengeneza silaha na ngao nyingi mno kwa sababu Waashuri walikuwa wanakuja kuuzingira mji wa Yerusalemu. Sargon alitafakari, akaweka mkono kifuani, akasema kwa niaba ya ukoo wake wote, "Sorry, brother," kisha akaomba spana namba kumi na tatu. Juvénal akampa msamaha na spana, lakini kibati alikidai.

Basi akapata wazo. Nyuma ya ukumbi wa Smithfield kanisa lina kontena la chuma, nalo lilikuwa aibu tupu. Mahema, vipaza sauti, ngoma, majiko ya gesi na sahani vilikuwa vimelaliana humo, na kila mtu alichukua alichotaka. Aliomba ufunguo kwa Clifford, hakusema wa nini, na Jumamosi tatu mfululizo alijifungia humo na mbao, misumari na kopo la rangi ya buluu. Alichora kivuli cha kila chombo. Alikata vibati vya bati, akaandika juu yake majina ya familia zote arobaini na mbili.

Katikati ya ubao, mahali pa heshima, alichora kivuli kikubwa cha mviringo chenye masikio mawili, na juu yake akapigilia msumari mnene usio na kitu. Kila mtu angekitambua. Kilikuwa kivuli cha sufuria ya Mama Mbula.

Hapa lazima nirudi nyuma kidogo. Mama Mbula ni nesi mstaafu kutoka Machakos, mwanamke mwenye sauti ya kengele na jicho lisilopitwa na kitu. Sufuria yake, ya kupikia watu mia, ilisafiri baharini kutoka Kenya ikiwa imejaa mchele. Miaka minne iliyopita waliitumia kupikia chakula cha Pasaka, halafu ukaja ule mwaka wa kufungiwa majumbani kwa ajili ya korona, na kanisa lilipofunguliwa tena sufuria haikuwepo. Mama Mbula alisimama jikoni akasema, "Sufuria haina miguu." Hakutaja mtu, lakini siku ile ya Pasaka zamu ya kuosha vyombo ilikuwa ya kina mama wa Burundi. Ninahazwe alijibu, "Na sisi hatuna mikono mirefu." Tangu siku hiyo jiko la kanisa likawa na pande mbili. Wakenya na chapati zao kushoto, Warundi na maharage yao kulia, na Mungu katikati.

Juvénal alikuwa ameupenda sana msumari ule mtupu. Alipanga kumalizia somo lake hapo. Angeuelekezea kidole, anyamaze kidogo kama wafanyavyo wahubiri wakubwa, kisha aseme, "Ngao hii ilitoka na haijarudi, na aliyeichukua anajijua." Alijizoeza maneno hayo ndani ya gari, mbele ya kioo cha kunyolea, na mara moja mbele ya mbwa wa jirani, aliyeondoka akiwa ameguswa.

Jumamosi, siku moja kabla ya somo, alitoka uani kuchuma lengalenga, mchicha wa kwao Burundi. Hakuna mboga Campbelltown nzima iliyostawi kama lengalenga ya Ninahazwe. Kila Krismasi Juvénal huwagawia watu mafungu, na fungu nono kuliko yote humwendea Mama Mbula, ambaye huiita terere na husema ndicho kitu pekee kinachomfanya amsamehe Mrundi yeyote. Juvénal alifungua mpira wa maji. Maji yalitoka kwa nguvu, yakachimba udongo pembeni mwa shina, na ukingo wa chuma ukachomoza. Akainama. Palikuwa na sikio la sufuria, na kwenye sikio palikuwa na bolti mbili za buluu, namba kumi na mbili, za kiwandani kwake.

Alikaa chini kwenye matope.

Kila kitu kilimrudia mara moja. Siku ile ya Pasaka sikio la sufuria lilikuwa limelegea. Yeye ndiye aliyeipakia kwenye tela akaenda nayo nyumbani kuitia bolti, bila kumwambia mtu, kwa kuwa alikuwa anatenda wema, na wema hauna kibati. Aliitia bolti. Kisha korona ikamlaza wiki tatu, na alipoinuka akawa hakumbuki hata siku ya kuzaliwa kwake. Ninahazwe naye alikuta sufuria nyuma ya banda, akadhani ni chuma chakavu cha kiwandani, kwa maana mumewe huleta vyuma chakavu kama kuku anavyoleta taka. Aliitoboa matundu, akaifukia mpaka shingoni, akapanda. Ugomvi ulipozuka kanisani haikuwa tena sufuria, ilikuwa bustani.

"Papa Arakaza, umeanguka?" Ninahazwe alikuja mbio. Aliangalia alipoelekeza kidole, akashika kichwa. "Yesu wangu. Ni mimi niliipanda!"

"Ni mimi niliileta!"

"Lakini mimi niliitoboa!"

Walishindana hivyo, kila mmoja akinyang'anya kosa la mwenzake, mpaka binti yao Arakaza, anayesomea unesi, akatoka nje na kikombe cha chai kuona kuna nini. Alisikiliza kisa chote. Kiswahili anakielewa vizuri sana, ila kinywa chake kina uvivu nacho.

"Dad, just say it was in the container the whole time. Behind the tents. Nobody will know."

Ilikuwa kweli, akisema sufuria ilikuwa nyuma ya mahema ndani ya kontena, hakuna ambaye angejua. Au angeweza kurudi Smithfield jioni ile ile na brashi, akakipaka rangi kile kivuli, na msumari akaung'oa. Alikwenda bandani, akalishika kopo la rangi. Aliogopa, na sitaficha: aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa tangu aingie nchi hii. Alingoja miaka thelathini kusimama mbele ya watu, na sasa angesimama mbele yao kama mwizi wa sufuria. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Ule mkuki alikuwa ameunoa mwenyewe kwa wiki tatu.

Akasimama na kopo mkononi, na kichwani mwake likaja ghala moja alilolipenda kuliko yote, lile la hekaluni. Aliliweka kopo chini. "Arakaza," aliita, "leta koleo. Na mama yako aniletee ile brashi ya chuma."

Jumapili, baada ya ibada, hakufundisha ukumbini. Aliwatoa watu wote nje kwenye jua, akafungua milango ya kontena, na watu wakapiga yowe la furaha. Kila ngoma ilikuwa mahali pake, kila kipaza sauti kwenye kivuli chake. Wazee walipapasa vibati vyao kama watoto waliopata zawadi. Mama Mbula alipita polepole mbele ya ubao, akafika katikati, akasimama. Alikitazama kile kivuli cha masikio mawili na uso wake ukabadilika.

Juvénal akaanza. Aliwatembeza kwenye maghala yote, kwa Daudi, kwa Uzia, kwa Sulemani, na watu walicheka aliposema upanga wa Goliathi haujarudishwa mpaka leo. Alieleza jinsi mfalme wa Misri alivyobeba ngao zote za dhahabu, na Rehoboamu mwana wa Sulemani akatengeneza za shaba badala yake.

"Wahubiri wanamcheka Rehoboamu," alisema. "Dhahabu imekwenda, shaba imebaki. Mimi niko mtu wa stoo, siwezi kucheka. Sikieni vile walinzi walikuwa wanafanya. Mufalme akienda nyumbani kwa Mungu, wanatoa zile ngao. Akirudi, wanazirudisha kwa chumba cha walinzi. Kila mara. Ngao za shaba, lakini hakuna hata moja imepotea!"

"Amina!" alisema Clifford, akajishangaa.

"Na kuna siku ingine. Kuhani Yehoyada anataka kumuweka Yoashi, mufalme mudogo, kwa kiti chake. Maaskari wanahitaji silaha. Kuhani anafungua ghala ya hekalu, anatoa mikuki na ngao za Daudi. Za Daudi! Daudi amekufa zaidi ya miaka mia. Sasa mimi nauliza, kwa nini hazikuoza?" Aliwatazama wote, na safari hii hakuwa anajizoeza. "Kuna mutu alikuwa anazipaka mafuta. Na alipokufa, mwingine akapaka. Miaka mia na zaidi, hakuna vita, hakuna anayeuliza, yeye anapaka tu. Jina lake haliko. Hata katika ile sura ya majina, haliko."

Hapo ndipo alipokuwa amepanga kuunyooshea kidole ule msumari mtupu. Badala yake alitoa kibati mfukoni, akawaonyesha jina lililoandikwa juu yake, JUVÉNAL, akakitundika katikati ya kile kivuli kikubwa.

"Hii ngao ilitoka na haikurudi," alisema. "Aliyeichukua ni mimi."

Akawaeleza yote: sikio lililolegea, tela, bolti, korona. Ninahazwe akasogea akasimama kando yake akaeleza matundu na lengalenga. Kisha Arakaza akafungua buti la gari. Ndani palikuwa na sufuria, imesuguliwa mpaka inang'aa, na mafungu kumi na manne ya mboga.

Mama Mbula aliinyanyua, akaielekeza juani, akachungulia ndani. Mwanga ulipenya kwenye matundu, ukamtia madoa usoni. Akayahesabu matundu moja moja kwa kidole.

"Baba Arakaza," alisema mwishowe, na sauti yake ya kengele ilikuwa ya chini. "Hebu nieleze. Ile terere ulikuwa unaniletea kila Krismasi?"

"Ndiyo, Mama."

"Ilikuwa inamea humu?"

"Humo humo, Mama."

"Kwa hivyo miaka minne natafuta sufuria yangu, na miaka minne nakula kutoka sufuria yangu?"

Mabega yake yakaanza kutikisika. Juvénal alidhani analia. Lakini kicheko kilipomtoka kilikuwa kikubwa mpaka kontena likarudisha mwangwi, akamshika Ninahazwe begani ili asianguke, na Ninahazwe akamshika yeye, na wale wanawake wawili ambao hawakuwa wamepeana hata chumvi kwa miaka minne wakacheka wakishikana mpaka machozi yakawatoka. "Nilisema haina miguu!" alipiga kelele Mama Mbula. "Kumbe ina mizizi!"

Clifford alijaribu kurudisha utaratibu. Aliuliza wanaotaka Mzee Juvénal awe mwalimu wa kudumu wainue mikono. Mikono ikapanda kote, mingine miwili miwili.

"Ngoja kwanza," alisema Mama Mbula akijifuta macho. "Somo halijaisha. Chombo kimerudi. Kibati kimrudie mwenyewe."

Alikitoa kibati cha Juvénal kwenye msumari, akamrudishia mkononi mwake. Watu wakangoja aitundike sufuria. Hakuitundika. Alipekua ubao mpaka akakipata kibati kilichoandikwa MBULA, akarudi nacho katikati, akakiangika kwenye kile kivuli kikubwa.

"Haipiki tena, na mimi nina uwanja nyuma ya nyumba. Leo naichukua mimi," alisema. Akamgeukia Ninahazwe. "Mama Arakaza, kesho utakuja unionyeshe kupanda."

Mchana huo walipika kwa sufuria moja, ya Warundi, upande wa kulia, na chapati zikavuka kutoka kushoto. Juvénal hakupanga kiti hata kimoja. Alipojaribu, Clifford alimnyang'anya, akamwambia kazi ya mwalimu ni kukaa. Basi alikaa, kibati chake kikiwa kwenye mfuko wa shati, na kila mara alikipapasa kuhakikisha kipo.